Homa baada ya kung'atwa na kupe: mpe mtoto doksisaiklini, usingoje vipele

Kuna mama ameniuliza swali na nataka nilijibu kwa urefu, maana najua si yeye peke yake. Nalifupisha: mtoto wake wa kiume ana miaka 6 na kilo 22. Siku nane zilizopita alimkuta na kupe nyuma ya sikio, kashashiba na kuvimba, akamtoa. Juzi mtoto akaanza homa, imefika 39, kichwa kinamuuma sana, hataki kula, na kipimo cha malaria kimetoka hasi. Daktari akamsikiliza habari ya kupe, akaandika doksisaiklini 50 mg asubuhi na jioni kwa siku 7. Alipofika duka la dawa akaambiwa dawa hiyo hairuhusiwi kwa mtoto chini ya miaka 8, itamharibu meno, bora abadilishiwe amoksilini. Na mtoto hana kipele hata kimoja. Sasa anauliza ampe au angoje aone kama vipele vitatoka, na haya magonjwa ya kupe mzazi anayatambuaje?

Dada, mpe. Mpe leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Daktari wako kafanya jambo sahihi kabisa, tena wapo wengi ambao wasingeuliza hata hilo swali la kupe.

Hesabu yake kwanza nikuonyeshe ili uwe na amani. Kwa mtoto aliye chini ya kilo 45 tunatoa 2.2 mg kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Kilo 22 mara 2.2 ni 48 na kidogo, kwa hiyo 50 mg ni dozi yake sawasawa, hajazidishiwa wala hajapunguziwa. Muda wake ni siku 5 hadi 7, na sharti ni kwamba homa iwe imeshakata kwa siku 3 kamili ndo dawa iachwe. Kwa hiyo homa ikichelewa kukata, rudi kwa daktari aiongeze muda, usiikate mwenyewe eti siku zimetimia.

Sasa hili la meno, maana hapa ndo watoto wanapoumia. Haya maneno hayakutoka hewani. Tetrasaiklini za zamani zilikuwa zinashikana na kalsiamu ya jino linaloota na kuliachia rangi ya njano au kahawia ya kudumu, na kwa kuwa meno ya kudumu yanaendelea kujengeka ndani ya fizi mpaka karibu miaka 8, ikawekwa sheria: chini ya miaka 8 usitoe. Doksisaiklini ni wa ukoo huohuo kwa hiyo onyo likaipata nayo, japo yenyewe inashikana na kalsiamu kwa kiasi kidogo zaidi. Halafu watu wakaenda kuangalia. Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliofanyika Marekani, kwenye jamii za Wahindi Wekundu ambako homa kali ya kupe inaua watoto, walichukua watoto 58 ambao walishawahi kupewa doksisaiklini kabla ya miaka 8 wakawalinganisha na wenzao 213 ambao hawajawahi, daktari wa meno anakagua bila kuambiwa yupi ni yupi. Hawakuona madoa. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikaandika kwenye mwongozo wake kwamba doksisaiklini inaweza kutolewa kwa mtoto wa umri wowote ikiwa ni kwa muda mfupi, yaani usiozidi siku 21. Mtoto wako anapewa siku 7. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa inaweza kuwa bado ina lile onyo la zamani, na mfamasia anasoma kilichoandikwa, simlaumu, ila wewe usibaki katikati ya watu wawili ukiwa na mtoto anayewaka moto. Mrudie daktari aliyeandika, mwambie umeambiwa hivi, atakuthibitishia.

Na ile amoksilini aliyokushauri mfamasia haifanyi kazi yoyote kwa riketsia, wale bakteria wa kupe ambao daktari anawashuku hapa. Nataka hili lieleweke vizuri. Riketsia ni bakteria wadogo sana wanaoishi ndani ya seli zenyewe, hasa zile zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu, na amoksilini inaua bakteria kwa kubomoa ukuta wao wa nje wakiwa huko nje ya seli, sasa hawa wamejificha chumbani na mlango umefungwa. Doksisaiklini inaingia mpaka humo ndani. Dawa za salfa kama kotrimoksazoli ndo usiziguse kabisa, hizo zinaweza hata kuifanya hali iwe mbaya zaidi.

Kuna mtego mmoja nimeuona zaidi ya mara moja na bado unaniuma. Nilipokea binti wa miaka 5, homa siku ya sita. Siku ya pili ya homa alipewa amoksilini, siku ya nne akatoka vipele mikononi na miguuni, mama akamrudisha, akaambiwa ni mzio wa dawa, amoksilini ikasimamishwa, akapewa dawa ya mzio na akarudi nyumbani. Wote waliofanya hivyo walikuwa na nia njema na kwa haraka haraka inaonekana ina mantiki, mtoto kanywa dawa, vipele vimetoka, basi dawa ndo mchawi. Nilipomkunja kiganja na kukikunjua nikakuta vidoa humo ndani, vidogo kama vya ncha ya kalamu, na nilipovibonyeza kwa kidole havikufifia. Nyayo hivyo hivyo. Nikamuuliza mama kama kulikuwa na kupe, akasema hapana, halafu bibi yake aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, yule tuliyemtoa kwenye nywele wiki iliyopita si kupe? Mama wala hakumhesabu maana alikuwa mdogo mno. Yule binti alipona lakini alikaa sana wodini, na zile siku mbili alizopoteza nyumbani kwa jina la mzio ndo zilikuwa siku za maana.

Ndo maana nakuambia usingoje vipele. Kwa ile homa kali ya kupe inayoitwa ya Rocky Mountain, ambayo licha ya jina lake ipo Marekani, Meksiko mpaka Marekani ya Kusini, vipele kwa kawaida vinatoka siku ya 2 hadi ya 4 baada ya homa kuanza, na vile vya viganjani na nyayoni ambavyo kila mwanafunzi wa udaktari amekaririshwa vinakuja siku ya 5 au 6, wengine hawavipati kabisa. Na dawa ikianza ndani ya siku 5 za kwanza ndo inaokoa vizuri, baada ya hapo hatari inapanda haraka, karibu nusu ya wanaokufa wanakufa ndani ya siku 8 tangu waanze kuumwa. Watoto chini ya miaka 10 uwezekano wao wa kufa ni mara tano ya watu wazima. Sasa piga hesabu mwenyewe: ukingoja alama ya kitabuni ije, dirisha limeshafungwa.

Hujaniambia mnaishi wapi wala mlikuwa mmesafiri, na hilo mweleze daktari maana kupe wa kila sehemu wana mzigo wao. Afrika kusini mwa Sahara kuna riketsia ya kupe wa ng'ombe na wanyama pori, kwa kawaida ni ugonjwa wa wastani, haui hovyo. Pembezoni mwa Mediterania, na sehemu za Afrika na Asia pia, kuna ile ya kupe wa mbwa, yule wa kahawia, hii inaweza kuwa kali. Dalili za mwanzo zinafanana: homa ya ghafla, kichwa, misuli, kukosa hamu ya kula, na kwa watoto tumbo kuuma na kutapika, mpaka wengine wanafikiriwa wana kidole tumbo. Dawa ya zote ni hiyohiyo doksisaiklini. Kwa zile za wastani daktari anaweza kutumia azithromaisini kama kuna sababu ya kweli, lakini kwa ile kali ya Marekani hatubadilishi.

Sasa tukitafute kigaga. Hii ni kazi ambayo wewe mzazi unaweza kuifanya vizuri kuliko mimi kwa sababu una muda na mtoto amekuzoea. Riketsia nyingi, japo ile ya Rocky Mountain si kawaida yake, zinaacha alama pale kupe alipong'ata: inaanza kama kipele, kinakuwa na maji kidogo, halafu katikati panakufa panakuwa peusi kama sigara imezimwa pale, pembeni kuna duara jekundu, na cha ajabu hakiumi, hata kuwasha hakiwashi sana, ndo maana mtoto hasemi. Tezi ya karibu inavimba. Kwa mtoto kigaga kinapenda kujificha kichwani ndani ya nywele, nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti, katikati ya makalio. Usitafute kwa macho tu. Mlaze mapajani, zima mazungumzo, pitisha ncha za vidole kwenye ngozi ya kichwa taratibu mstari kwa mstari kama unayemsuka, ukikutana na kitu kigumu tenganisha nywele uangalie kwa tochi ya simu. Wako alitolewa kupe nyuma ya sikio, kwa hiyo anza hapo, halafu papasa shingo upande huohuo usikie kama kuna tezi. Ukikuta vigaga viwili au vitatu usishtuke, hiyo inaelekeza zaidi kwenye ile riketsia ya kupe wa ng'ombe, hao wanashambulia kwa wingi.

Kuhusu vipele vyenyewe, picha nyingi za intaneti ni za watoto weupe, vidoa vyekundu vinang'aa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa, vinaonekana kama vidoa vyeusi zaidi au zambarau, au unasikia tu mkwaruzo kwa kidole. Angalia sehemu zenye rangi nyepesi, viganja, nyayo, ndani ya midomo, ndani ya kope la chini. Angalia mchana kwenye mwanga wa dirisha, taa ya ndani inadanganya. Bonyeza na glasi ya maji inayopitisha mwanga: kidoa kikibaki palepale chini ya glasi bila kufifia, hiyo ni damu imetoka kwenye mshipa, usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu zaidi ya kupe inaweza kuwa ile bakteria ya uti wa mgongo na hospitali itatibu yote mawili kwa pamoja mpaka ijue ni lipi.

Vipimo je? Wazazi wengi wananiambia "daktari, si tupime kwanza tuwe na uhakika". Ningependa, lakini kipimo cha kingamwili kwa riketsia wiki ya kwanza karibu kila mara kinatoka hasi, mwili haujazitengeneza bado. Kinachothibitisha ni kuchukua damu sasa na kuchukua tena baada ya wiki 2 hadi 4 na kuona kingamwili zimepanda angalau mara nne. Yaani jibu linakuja wakati mtoto ama ameshapona ama ameshakufa. Kwa hiyo kipimo cha leo kikisema hasi hakimaanishi hana. Picha kamili ya damu na vipimo vya chumvi za damu na ini vinasaidia kidogo, ukiona chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka, sodiamu iko chini, vimeng'enya vya ini vimepanda, unazidi kuamini, ila siku za mwanzo vyote hivyo vinaweza kuwa vizuri tu. Tunatibu kwa kusikiliza na kuangalia mtoto. Na kama mnaishi kwenye malaria au mmetoka huko, kipimo kimoja hasi hakitoshi, kirudieni baada ya saa 12 hadi 24 huku doksisaiklini ikiendelea, moja haizuii nyingine, maana mtoto aliyeng'atwa na kupe anaweza pia kuwa aling'atwa na mbu.

Kwa kuwa umeuliza na mengine, kuna matatu ningependa kila mzazi ayajue.

La kwanza ni homa ya papasi. Papasi ni kupe laini, hana lile gamba gumu mgongoni, anaishi kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, anatoka usiku, ananyonya kwa muda wa nusu saa au chini yake na kurudi zake, kwa hiyo asubuhi hakuna kupe wa kumwona na ukiuliza "uliona kupe?" jibu la kweli ni hapana. Homa inapanda sana kama siku tatu, inakata kwa jasho jingi, wote mnashukuru, halafu baada ya wiki hivi inarudi, inakata, inarudi. Wengi wanatibiwa malaria mara mbili tatu. Bakteria anayeileta homa hii, anaitwa borelia, anaonekana kwenye tone lilelile la damu la malaria, anajikunja kama uzi wa springi kati ya chembe za damu, lakini lazima damu ichukuliwe wakati homa iko juu na anayeangalia darubini awe na wazo la kumtafuta. Kile kipimo cha haraka cha malaria cha kijiti hakimwoni. Kwa hiyo mtoto mwenye homa inayokwenda na kurudi omba damu iangaliwe kwa darubini. Inatibika kwa tetrasaiklini au, kwa mtoto mdogo, erithromaisini, kwa kawaida siku 10, ila dozi ya kwanza naomba itolewe kituoni na mtoto akae hapo saa kadhaa, kwa sababu bakteria wakifa kwa mpigo mwili unaweza kuitikia kwa kutetemeka, homa kupanda zaidi na presha kushuka. Mzazi asiyejua hilo anadhani dawa imemdhuru na anaikimbia. Mjamzito na mtoto mchanga kwao homa hii ni hatari sana, mimba inaweza kutoka, kwa hiyo nyumba yenye papasi si jambo la kuvumilia.

La pili ni Lyme, hii ni ya Marekani, Ulaya na sehemu za Asia. Jina ni la mji wa Lyme, jimbo la Connecticut huko Marekani. Mwaka 1975 akina mama wawili wa eneo lile waligoma kuamini kwamba watoto wengi hivyo wa mitaa ya karibu wanaweza kuvimba magoti kwa bahati tu, wakapiga simu mpaka wakasikilizwa, na ripoti ya kwanza ya mwaka 1977 ilikuwa na wagonjwa 51, watoto 39. Nalitaja kwa sababu akina mama ndo waliouona ugonjwa huu kabla ya sisi madaktari. Alama yake ni duara linalokua taratibu kwenye ngozi, siku 3 hadi 30 baada ya kung'atwa, linafika sentimita 5 na kuzidi, si lazima liwe kama shabaha yenye duara ndani ya duara, mara nyingi ni jekundu lote tu, haliumi. Kuchubuka au uvimbe mdogo unaotokea siku hiyohiyo ya kung'atwa na kupotea baada ya siku mbili si hilo, hiyo ni ngozi imekasirika. Ukiliona duara, tibu, usipime, kwa sababu kipimo hatua hiyo mara nyingi ni hasi. Hapa sasa amoksilini inafanya kazi: 50 mg kwa kilo kwa siku ikigawanywa mara tatu, siku 14, au doksisaiklini siku 10. Usipotibu, wiki au miezi baadaye mtoto anaweza kuamka mdomo umepinda upande mmoja, au goti limejaa maji lakini cha kushangaza anatembea nalo, au moyo mapigo yake yanakosea na anazimia.

La tatu halihitaji hata antibaiotiki. Kuna kupe ambao mate yao yana sumu ya mishipa ya fahamu. Mtoto, mara nyingi binti mdogo mwenye nywele nyingi, anaanza kuyumba, kesho yake miguu haimbebi, udhaifu unapanda kutoka miguuni kwenda mikononi, hana homa, akili timamu. Kupe bado yuko amejishika, mara nyingi ndani ya nywele. Anatolewa na kwa aina za Amerika Kaskazini mtoto anarudi sawa ndani ya saa 24 hivi, wakati wale wa Australia hali inaweza kuendelea kushuka siku moja mbili baada ya kumtoa kwa hiyo mtoto anabaki hospitali. Wakati huo wote watu wanamfikiria polio na magonjwa makubwa ya neva, kumbe dawa ni kitana na mikono.

Yapo na ya virusi, Ulaya kuna unaoshambulia ubongo na una chanjo nzuri, na kuna ule wa kutoka damu wa Kongo na Krimea. Kwa hayo antibaiotiki haisaidii kitu, kwa hiyo homa inayokuja na damu kutoka fizi au puani ni hospitali, tena waambie mapema kuna habari ya kupe ili na wao wajikinge.

Turudi kwa mwanao. Dawa mpe akiwa amekula kitu, tumbo tupu itamchefua na atatapika. Anywe na maji mengi, glasi nzima akiweza, na abaki ameketi au anacheza nusu saa mpaka saa nzima, asinywe na kulala palepale kwa sababu kidonge kikinata kwenye koo la chakula kinaunguza. Vidonge vya kuongeza damu, dawa za kiungulia na vya kalsiamu vitenganishe nayo kwa saa mbili tatu, vinaikamata tumboni isifyonzwe. Ngozi yake itaungua na jua kirahisi siku hizi, mvalishe kofia na mikono mirefu. Akitapika ndani ya nusu saa ya kumeza, rudia dozi. Akitapika kila kitu, usipigane naye nyumbani, hospitali wanayo ya mshipani. Homa mpe parasetamoli kwa uzito wake, aspirini usimpe.

Tarajia homa ianze kushuka ndani ya saa 24 mpaka 72. Huo ndo uzuri wa doksisaiklini kwenye riketsia, inajionyesha mapema. Ikipita siku ya tatu ya dawa na bado anawaka vilevile, basi tulikosea mahali na daktari anatakiwa aanze kufikiria upya, usikae nyumbani kumalizia siku 7 kwa uaminifu.

Usingoje hata hiyo siku ya tatu ukiona amelegea mpaka kumwamsha ni kazi, anaongea visivyoeleweka, amepata degedege, anapumua haraka au kwa shida, shingo ngumu, vidoa vya zambarau, macho ya njano, hajakojoa tangu asubuhi mpaka jioni, au uso na viungo vimevimba. Ukifika mapokezi sema sentensi moja kabla ya yote: "ana homa na alitolewa kupe wiki iliyopita, ameanza doksisaiklini siku fulani". Usiache mpaka uulizwe, maana wengi hawaulizi.

Hukusema ulimtoaje yule kupe, na kwa vile wengi wanauliza niseme. Kibano chembamba, kile cha kung'olea nyusi, mshike kupe pale mdomo wake unapoingia kwenye ngozi, chini kabisa, si tumboni, halafu vuta moja kwa moja kwenda juu kwa nguvu ya polepole isiyokatika, bila kuzungusha. Ngozi itavutika kama hema dogo, endelea kushikilia, sekunde kadhaa baadaye ataachia. Mafuta ya taa, kiberiti, mafuta ya kujipaka, spiriti, vyote hivyo vinamfanya atapike mate yake ndani ya jeraha na unapoteza muda. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kirahisi, kiache, ngozi itakitoa yenyewe, usichokonoe. Osha kwa maji na sabuni, nawa na wewe. Usimpasue kwa kucha. Mbandike kwenye seloteipu, andika tarehe, mweke, akija kuhitajika daktari ataona ni aina gani.

Na mtoto aliyeng'atwa ambaye haumwi kitu hapewi antibaiotiki ya kinga, isipokuwa kwenye Lyme tu, eneo la Lyme, kupe wa aina hiyo amekaa saa 36 au zaidi, dozi moja ndani ya saa 72 tangu atolewe. Wengine wote tunaangalia tu kwa mwezi mmoja.

Usiku huu ukimaliza kumpa dozi, wapekue na wenzake wote wanaolala naye, ugonjwa hauambukizwi mtoto kwa mtoto lakini walicheza mahali pamoja, na kama kuna mbwa mwangalieni masikioni na katikati ya vidole. Nguo alizovaa siku ile kama hazijafuliwa, zikaushe kwa joto kali, maana kupe anavumilia maji ila ukavu na joto kali hawezi. Halafu chukua karatasi uandike saa ya dozi ya kwanza na homa ilikuwa ngapi, upime kila baada ya saa sita, na keshokutwa niandikie imesoma ngapi, na kama umekuta kigaga niambie kiko wapi.